Joto la Mgonjwa Mahututi: Limepimwa Wapi?

Usiku mmoja wa Julai, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza na mablanketi yote ya wodi yakiwa yameshagawiwa, tulimpokea bibi mmoja aliyetoka upande wa Rungwe. Tumbo lake lilikuwa limejaa na kukakamaa, presha imeshuka, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, na maneno yalikuwa yameanza kumchanganyikia. Karatasi aliyokuja nayo ilikuwa na mstari mmoja kuhusu joto: nyuzi 36.1, hana homa. Alikuwa amepimwa mlangoni kwa kile kipimajoto kinachoelekezwa kwenye paji la uso bila kugusa ngozi, ambacho wengi wetu tulikizoea wakati wa UVIKO-19.

Mwanawe alikuwa amesimama upande wa miguu ya kitanda, koti hajalivua.

"Sista, mama anaungua," alisema. "Mguse hapa kifuani."

Kifua kilikuwa cha moto. Mikono ilikuwa ya baridi hadi kwenye viwiko, na miguu hadi magotini.

Nilimpima kwapani kwa kipimajoto cha dijitali, nikabana mkono wake ubavuni mpaka kikalia: 37.3. Kisha tukavuta pazia, tukamgeuza ubavu, tukampima kwa njia ya haja kubwa: 39.4.

Mgonjwa ni mmoja, kitanda ni kimoja, na kati ya namba ya kwapani na ile ya mwisho hazikupita hata dakika kumi. Daktari wa zamu alipofika aliuliza swali tunaloulizwa kila siku, nalo ni fupi kuliko maswali yote ya wodini: "Joto ngapi?"

Bibi alipelekwa upasuaji usiku uleule. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike, lakini namba ni zilezile, na kwa wiki kadhaa tangu siku hiyo swali la daktari limekuwa likinirudia. Nikiangalia chati za wagonjwa wetu mahututi naona safu nzima ya namba zilizoandikwa kwa mwandiko mzuri, kila baada ya saa moja au mbili, na hakuna hata moja inayosema imetoka sehemu gani ya mwili.

Ngozi ina habari zake

Mwili hauna joto moja. Kuna joto la ndani, yaani la ubongo, moyo, ini na viungo vingine vya kifuani na tumboni, ambalo mwili hulilinda kwa nguvu zake zote. Kuna pia joto la ngozi na la mikono na miguu, ambalo mwili uko tayari kulitoa kafara ili kulilinda lile la kwanza. Mtu mzima mwenye afya, aliyeketi ndani ya nyumba yenye joto la wastani, tofauti kati ya haya mawili huwa ndogo na inatabirika. Ndiyo maana kipimo cha kwapani kinatosha kwa mtoto aliyeletwa kliniki na mama yake kwa ajili ya mafua.

Mgonjwa mahututi ni habari nyingine. Presha inapoporomoka, mishipa midogo ya ngozini hujibana ili damu iliyopo iende kwenye moyo na ubongo kwanza. Dawa za kupandisha presha tunazomwekea kwenye dripu huibana zaidi. Homa nayo, inapokuwa inapanda, huanza kwa kuifunga ngozi ili joto lisitoke, na hapo ndipo mgonjwa hutetemeka na kuomba blanketi huku ndani anachemka. Kwa hiyo katika saa zile ambazo tunahitaji sana kujua joto la ndani, ngozi inakuwa imekatiwa habari.

Juu ya hayo kuna hali yetu ya hewa. Mji wa Mbeya uko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto la nje hushuka chini ya nyuzi 10. Njombe na Makete wanajua baridi kali kuliko yetu. Kipimajoto cha paji la uso husoma mionzi ya joto inayotoka kwenye ngozi, kisha hukokotoa joto la mwili kwa kanuni iliyomo ndani yake, na kanuni hiyo imejengwa juu ya dhana kwamba ngozi na chumba viko katika hali ya kawaida. Paji la uso la mtu aliyeshushwa sasa hivi kutoka kwenye gari, limepigwa na upepo au lina jasho linalokauka, halimo katika dhana hiyo. Kifaa chenyewe kinatakiwa kikae kwanza katika chumba kitakachotumika mpaka kilingane nacho. Cha mlangoni kwetu hulala mezani, karibu na mlango ambao haufungwi.

Nusu nyuzi ya kuongeza

Wengi tumefundishwa, au tumerithi kutoka kwa waliotutangulia, kanuni moja rahisi: pima kwapani, ongeza nusu nyuzi, umepata joto la ndani. Nimeisikia kwa wanafunzi wa uuguzi wanaokuja mafunzo kwa vitendo, na nimeisikia kwa madaktari wenye miaka mingi kazini.

Kanuni hii ingefaa kama kosa la kwapa lingekuwa lilelile kila mara.

Tatizo la kwapa la mgonjwa mahututi ni kwamba haliko chini kwa kiasi kinachojulikana. Kwa mgonjwa mmoja linaweza kukaribia kabisa joto la ndani, kwa mwingine likapungua kwa nyuzi mbili kama kwa yule bibi, na kwa mgonjwa huyohuyo tofauti ikabadilika kati ya saa nne na saa sita usiku kwa sababu dawa ya kupandisha presha imeongezwa. Kosa la namna hiyo halisahihishwi kwa kujumlisha. Ukiongeza nusu nyuzi juu ya 37.3 unapata 37.8, namba inayopendeza machoni na isiyo kweli.

Mwaka 2015 watafiti waliokusanya tafiti 75 zenye wagonjwa zaidi ya 8,000 walilinganisha vipimo vya nje ya mwili (kwapani, mdomoni, sikioni, kwenye paji la uso) na vipimo vya ndani. Walichokipata kimenifanya nisimame na kusoma mara ya pili. Vipimo vya nje viligundua homa kwa asilimia 64 tu ya wale waliokuwa nayo kweli. Kwa wasiokuwa na homa, vilisema sawasawa kwa asilimia 96.

Tuziweke namba hizo kitandani. Wagonjwa mia moja wana homa. Vipimo vyetu vya nje vinawapita 36 kati yao, na kwenye chati wanaandikiwa joto la kawaida. Lakini kipimo hichohicho kikisema mtu ana homa, mara nyingi kweli anayo. Maana yake kwa muuguzi wa zamu ni kwamba jibu la "ana homa" na jibu la "hana homa" hayana uzito sawa, ingawa yametoka kwenye kifaa kimoja. La kwanza nitalifanyia kazi palepale. La pili, kama mgonjwa anapumua mbio, presha inashuka na fahamu zinapotea, halinitoshi hata kidogo, na sitakubali liwe sababu ya kuchelewesha kuchukua damu ya kuotesha vijidudu au kumwita daktari wa upasuaji.

Ile karatasi ya rufaa ilikuwa na jibu la pili, limeandikwa kwa uhakika wa jibu la kwanza.

Ile 37 tunayoijua ilitoka kwapani

Katika kusoma kwangu nilikutana na jambo ambalo sikulitarajia. Namba 37, ambayo kila mmoja wetu anaijua tangu shule ya msingi, ilienezwa na daktari Mjerumani Carl Wunderlich wa Leipzig, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1868 baada ya kukusanya vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000. Alipima kwapani. Kipimajoto cha zama zake kilikuwa kirefu, na kilihitaji kukaa mahali pake robo saa au zaidi kabla ya kusomwa. Kifaa kifupi cha mfukoni kilibuniwa katika miaka hiyohiyo ya 1860 na Mwingereza Thomas Clifford Allbutt.

Mwaka 1992 watafiti wa Marekani waliwapima upya watu wazima wenye afya, safari hii mdomoni na kwa vifaa vya kisasa, wakapata wastani wa 36.8. Tofauti ni ndogo. Kinachonigusa zaidi ni subira ya Wunderlich. Alikaa na kwapa la mgonjwa robo saa, akarudia kwa maelfu ya watu, na mwenendo wa joto la mtu mmoja siku baada ya siku aliuthamini kuliko namba moja iliyosimama peke yake. Sisi tunalipa kwapa hilohilo sekunde chache, mkono wa mgonjwa umelegea, hewa baridi inapita katikati, halafu tunalinganisha na namba yake.

Siandiki haya kuwalaumu wenzangu. Muuguzi mwenye wagonjwa wengi usiku mmoja hana robo saa ya kumpa kila kwapa. Lakini ndiyo sababu ya pili ya kuikubali kwapa kwa mashaka: hata pale inapoweza kusema kweli, inataka muda ambao hatunao.

Upande wa baridi

Tunapozungumzia joto la mgonjwa, akili zetu hukimbilia homa. Mimi nimeanza kuogopa zaidi upande wa chini.

Mgonjwa mwenye sepsisi, yaani yule ambaye mwili wake umeanza kujiharibu wenyewe katika kupambana na maambukizi, anaweza asiwe na homa kabisa. Anaweza kuwa na joto lililoshuka chini ya nyuzi 36, na kwa ujumla wagonjwa wa namna hiyo hufa kwa wingi kuliko wenye homa. Wazee, wenye utapiamlo na watoto wachanga ndio tunaowaona hivyo mara kwa mara. Kwa mtoto mchanga, Shirika la Afya Duniani linahesabu 36.5 hadi 37.5 kuwa kawaida, na chini ya 32 kuwa upoaji mkali. Kati ya hapo kuna ngazi nzima ya hatari inayohitaji kusomwa kwa usahihi.

Sasa chukua kipimajoto cha kioo cha zebaki, ambacho bado kimo kwenye droo nyingi. Kiangalie chini ya taa. Mistari yake inaanza 35 na kuishia 42. Mgonjwa mwenye nyuzi 33 akipimwa kwa kifaa hiki, zebaki haina mahali pa kumwonyesha. Itakaa chini kabisa, na mtu mwenye haraka ataandika 35. Kuna hatari nyingine iliyofichika palepale shingoni, juu kidogo ya tumbo la zebaki, ambapo mrija umebanwa makusudi ili zebaki ikishapanda isishuke yenyewe. Ndiyo maana hukung'utwa. Kisipokung'utwa vizuri baada ya mgonjwa mwenye nyuzi 38, mgonjwa anayefuata, hata awe amepoa, atarithi 38 ya mwenzake.

Vya dijitali havirithishani namba, lakini vingi navyo vikifika 32 huacha kuhesabu na kuonyesha herufi mbili tu za kusema joto liko chini mno. Chini ya hapo kuna maisha ya watu: aliyeokolewa kwenye maji ya baridi, mlevi aliyelala nje usiku wa Julai kule Mufindi, mtoto aliyezaliwa njiani. Kila wodi ya nyanda za juu ilipaswa kuwa na angalau kipimajoto kimoja kinachosoma nyuzi za chini kabisa, na kila muuguzi ajue kiko droo gani.

Je, inabadilisha chochote?

Nilipoanza kuyasema haya kazini, daktari mmoja ninayemheshimu alinipa pingamizi ambalo sikuweza kulijibu siku hiyo. Alisema hata tukijua kwamba mgonjwa ana 39.4 badala ya 37.3, dawa ya kushusha homa haimponyi. Ana haki. Utafiti uliofanyika Australia na New Zealand na kuchapishwa mwaka 2015 uliwapa wagonjwa mahututi wenye homa na maambukizi paracetamol au dawa bandia ya kulinganishia, isiyo na tiba ndani yake, na paracetamol haikuongeza siku ambazo mgonjwa alikuwa hai na nje ya wodi ya mahututi.

Nimelitafakari pingamizi hili kwa muda mrefu, na naona linajibu swali ambalo si langu. Sipimi joto ili nilishushe. Ninapima ili nijue kama usaha uliofunguliwa jana umeanza kujikusanya upya, kama dawa ya kuua vijidudu inafanya kazi siku ya tatu, kama kidonda cha mpira wa mshipani kimeanza kuambukizwa. Pia kuna wagonjwa ambao sehemu za kumi za nyuzi zina uamuzi ndani yake. Kwa waliorudishiwa mapigo baada ya moyo kusimama, utafiti mkubwa wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kuwapoza mwili hadi nyuzi 33 hakukuwa bora kuliko kuwazuia tu wasipate homa, na homa hiyo ilihesabiwa kuanzia 37.8. Huwezi kumlinda mtu asifike 37.8 kwa kifaa kinachoweza kukosea kwa nyuzi nzima.

Hapo ndipo mashaka yangu yaliponigeukia na kuwa madai.

Pazia na mkwe

Mwongozo wa vyama vya Marekani vya tiba ya wagonjwa mahututi na ya magonjwa ya kuambukiza, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2023, unashauri kipimo cha ndani pale ambapo kifaa chake kimeshawekwa au usahihi unahitajika sana: ndani ya ateri ya mapafu (mshipa mkubwa unaopeleka damu mapafuni), kwenye umio (njia ya chakula), au kwenye kibofu kwa mpira wa mkojo wenye kihisi. Pasipo hivyo, unasema, tumia mdomo au njia ya haja kubwa kabla ya kwapa, sikio au paji la uso.

Ateri ya mapafu tuiweke kando. Si ya kwetu kwa sasa. Mdomo unafaa kwa mgonjwa mwenye fahamu anayeweza kufunga midomo, asiyetweta na ambaye hajanywa chai sasa hivi. Wagonjwa wangu wengi hawamo humo. Inabaki njia ya haja kubwa, ambayo ni nafuu, inawezekana kesho asubuhi, na ndiyo inayokwepwa kuliko zote.

Inakwepwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kitabibu, nayo ni halali: haifai kwa mwenye chembe chache za kugandisha damu, mwenye kinga iliyoporomoka au aliyefanyiwa upasuaji eneo hilo, na joto linapobadilika kwa kasi hubaki nyuma ya joto la ndani kwa muda. Ya pili ni aibu, na hii inahitaji kutajwa kwa heshima. Mzee wa Kinyakyusa amelala kitandani, na anayemhudumia kutoka nyumbani ni mke wa mwanawe, ambaye kwa desturi za wazee hata kukutana macho na baba mkwe alipaswa kukwepa. Huwezi kumgeuza mzee huyo ubavu mbele yake. Tunamwomba mkwe atoke nje, tunavuta pazia, tunamwambia mzee tunachokwenda kufanya hata kama tunadhani hasikii, tunafunika kila kisichohitaji kuwa wazi. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Nimeona wazee wakikubali bila neno walipoombwa hivyo, na nimeona wakikataa kwa ukali walipogeuzwa kimyakimya.

Kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia kuna njia nzuri zaidi ambayo nashangaa hatuizungumzii: waya mwembamba wa kihisi unaoingizwa kwenye umio hadi nyuma ya moyo na kuunganishwa na monita. Wenzetu wanaotoa dawa ya usingizi huutumia chumba cha upasuaji. Monita zetu za wodini zina tundu la waya huo ubavuni, limekaa wazi tangu zilipofungwa.

Herufi moja kwenye chati

Chati yetu ina safu moja ya joto, na fomu si jambo la muuguzi mmoja kubadilisha. Kwa hiyo tumeanza na kalamu. Kila namba inafuatwa na herufi: K kwa kwapa, M kwa mdomo, P kwa paji la uso, H kwa njia ya haja kubwa. Mgonjwa akianza na K anaendelea na K zamu nzima, ili anayesoma aone mwenendo wa kweli badala ya mruko uliosababishwa na kubadili mahali. Na K ikiwa ya kawaida wakati mgonjwa anaonekana kuzidiwa, tunapima H kabla ya kuandika kwamba hana homa.

Jambo la kwanza lililojitokeza halikunifurahisha. Chati za nyuma, ambazo tulizitumia kuamua nani aanzishiwe dawa nyingine na nani asubiri, hazisomeki tena kwa macho yaleyale, kwa kuwa hakuna anayeweza kusema ipi ilikuwa K na ipi ilikuwa P. Jambo la pili ni kwamba daktari wa zamu sasa anauliza maswali mawili, joto ngapi na wapi, na wanafunzi wanamsikia akiuliza.

Katika oda ya vifaa ya robo ijayo tumeomba waya mbili za umio zinazoingia kwenye monita zetu, vipimajoto viwili vinavyosoma nyuzi za chini, na vifuniko vya plastiki vya kutupa kwa ajili ya vipimo vya H. Mfamasia amesema waya hizo hajawahi kuziona kwenye orodha, nami nimempelekea picha ya tundu la monita na namba iliyoandikwa chini yake.